Nairobi–New York: ni kilomita 11,837 au 12,200? Na kwa nini kwenda saa 15, kurudi 14?

#1 Chizi_Ramani
Wakuu, habari za jioni. Swali langu lina mikia miwili.

Kila kikokotoo cha mtandaoni nikikiwekea NBO (uwanja wa JKIA, Nairobi) na JFK (wa New York) kinanipa kilomita 11,837 au pua na mdomo na hapo. Skrini ya kwenye kiti, ndege ikishatua, inasoma zaidi ya 12,200. Ukurasa mmoja umeandika 7,355, mwingine 6,391, na wote wanadai ni "maili". Mkweli nani?

Mkia wa pili: kwenda New York inatajwa saa 15, kurudi Nairobi saa 14. Ndege ni ile ile Boeing 787-8 ya Kenya Airways, viwanja ni vile vile. Hiyo saa moja inaliwa na nani?

Wajuzi karibuni. Wanaokisia nao karibuni, ila mseme mnakisia.

#2 Fundi Baometa
Tuanze na rahisi. 7,355 ni maili za nchi kavu, za mita 1,609. 6,391 ni maili za baharini, za mita 1,852 kamili. Zidisha kila moja kwa mita zake, zote zinarudi kwenye kilomita 11,837. Hakuna aliyedanganya, ila kuna mtu kaandika "maili" akaenda zake.

Marubani na waongoza ndege wanatumia za baharini, na kasi wanaitaja kwa noti, yaani maili ya baharini kwa saa. Kurasa za kuuza tiketi, hasa za Marekani, zinatumia za nchi kavu. Ukichanganya hizo mbili unakosea kwa asilimia 15, na kwenye safari hii asilimia 15 ni zaidi ya kilomita 1,700.

#3 Mwl Longitudo
Usiwategemee wenye vikokotoo, kokotoa mwenyewe. Fungua Excel, weka hivi:

B1: -1.319 (latitudo ya JKIA, kusini ndiyo maana kuna alama ya kutoa)
B2: 36.928 (longitudo ya JKIA)
B3: 40.640 (latitudo ya JFK)
B4: -73.779 (longitudo ya JFK, magharibi, kwa hiyo nayo ina alama ya kutoa)

Kisha kisanduku chochote:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(B4-B2)))

Unapata 11,837. Pembe katikati ya dunia ni nyuzi 106.45, yaani unakata karibu asilimia 30 ya mzunguko wa dunia nzima.

Hapo dunia tumeichukulia kama tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Ukweli ni kwamba imebonyea kidogo: 6,378 kwenye ikweta, 6,357 kwenye ncha. Vikokotoo vinavyohesabu huo ubapa vinatofautiana na tufe kwa kiasi kisichofika nusu asilimia. Kwa hiyo ukiona 11,830 huku na 11,855 kule, usigombane na mtu.

#4 BintiKisauni
Mwalimu, Excel yangu inasema 5,971. Nimeokoa nusu ya nauli!

#5 Mwl Longitudo
Umesahau alama ya kutoa kwenye B4, binti. Badala ya nyuzi 73.8 magharibi umekwenda 73.8 mashariki. Hapo ulipotua ni Kyrgyzstan, jirani na mji wa Osh. Wasalimie.

Ukisahau ile ya B1 kosa linajificha zaidi: unapata 11,639, namba inayofanana na ukweli kabisa, kumbe umeisogeza Nairobi kaskazini ya ikweta. Ukisahau RADIANS ndiyo unapata takataka tupu, na hilo afadhali kwa sababu unaliona.

Na onyo: fomula hii ya ACOS inafaa kwa masafa marefu. Kwa umbali wa mita chache tu inaweza kuyumba kwenye desimali, hapo tumia fomula nyingine, ile ya haversine.

#6 Jogoo la Shamba
Mnazunguka mbuyu. Jibu la mkia wa pili ni dunia kuzunguka. Inazunguka kwenda mashariki, kwa hiyo... subirini. Ukienda magharibi New York inakufuata, inapaswa kuwa FUPI kwenda. Sasa mbona ni ndefu? Hapo kuna kitu tunafichwa.

#7 Fundi Baometa
Hakuna kilichofichwa, Jogoo. Ardhi ya Nairobi inakwenda mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, ya New York kama 1,268. Lakini ndege iliyoegeshwa JKIA nayo inakwenda 1,670 hiyo hiyo, na hewa iliyoizunguka vilevile. Ikiruka haiachi mwendo huo chini kama mtu anayevua viatu mlangoni. Ingekuwa unavyosema, helikopta ingepaa Embakasi ikae hewani nusu saa tu ishukie Kongo.

Ila nikupe haki yako: dunia kuzunguka ndiko kunakopinda hewa inayotoka ikweta kwenda ncha, na mpindo huo ndio unaozaa mikondo ya upepo wa juu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo mhusika umemtaja, kosa lake ndilo umelikosea.

#8 Kaka Pembetatu
Kuhusu 12,200 ya skrini, jibu ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chukua ramani ya ukutani ya Mercator, piga rula Nairobi hadi New York, mstari ulionyooka. Mstari huo wa mwelekeo mmoja usiobadilika ni kilomita 12,190. Ile njia ya duara kuu, yaani fupi kuliko zote juu ya tufe, ni 11,837. Tofauti ni kama 350. Skrini inasema 12,200. Mnataka ushahidi gani tena? Ndege inashika dira moja, karibu nyuzi 292, mpaka mwisho.

#9 Mwl Longitudo
Kaka, namba zako ni sahihi, hitimisho halipo. Hakuna ndege ya abiria leo inayoshika dira moja kwa kilomita elfu 12. Kompyuta ya safari inafuata duara kuu kati ya pointi na pointi, na dira inabadilika taratibu njia nzima. Kufanana kwa 12,190 na 12,200 ni bahati.

Kipimo chepesi ni kuangalia inapita juu ya nini. Mstari wako ungepita karibu na Bauchi, kaskazini mwa Nigeria, ukatokea baharini pwani ya Mauritania. Duara kuu linaanza na dira ya nyuzi 312, yaani kaskazini-magharibi hasa. Linakata kaskazini mwa Uganda karibu na Lira, Sudan Kusini, linagusa pembe ya Darfur, linaingia Chad, Niger, kusini mwa Algeria karibu na Tamanrasset, kisha Morocco. Nusu kamili ya safari iko karibu na Marrakech. Linatoka Afrika karibu na Safi, linapita jirani na visiwa vya Azores, linafika juu kabisa kwenye latitudo 42.3 upande wa magharibi wa Atlantiki, halafu linaanza KUSHUKA kusini kuelekea New York.

Ulaya bara haliigusi hata kidogo. Wengi wanadhani Nairobi–New York lazima upite London kwa sababu wamezoea tiketi za kuunganisha.

#10 Nyota ya Ziwa
Mwalimu, njia hiyo ni ya kwenye karatasi. Angani kuna milango, na milango inafungwa. Anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kiraia vita vilipoanza Aprili 2023. Niger ilifunga yake tarehe 6 Agosti mwaka huo huo baada ya mapinduzi, ikafungua tena 4 Septemba. Tazama orodha yako mwenyewe: Darfur, Niger. Siku hizo duara kuu halikuwa na maana, na Kaka Pembetatu na Nigeria yake hakuwa mbali na ukweli kama unavyomfanya.

Halafu kuna ada. Kila nchi unayopita juu yake inatoza, mara nyingi kwa uzito wa ndege na umbali uliopita. Shirika linaweza kukubali kilomita 100 za ziada kama zinakwepa ada kubwa. Mimi zile kilomita 360 za ziada zote nazipa siasa na bili.

#11 Kaka Pembetatu
Asante Nyota. Naomba iwekwe kwenye kumbukumbu.

#12 Dispacha Mstaafu
Salaam. Mnagombania umbali wa ardhini, na anayepanga safari haupi kipaumbele. Kuna umbali wa ardhini na kuna umbali wa hewani, na mafuta yanachomwa kwa ule wa hewani.

787 kwenye futi 38,000 inakwenda Mach 0.85, yaani 0.85 ya kasi ya sauti. Katika hewa ya kawaida ya nyuzi joto 56 chini ya sifuri, hiyo ni noti 488, kama kilomita 904 kwa saa. Tuchukue njia halisi ya maili za baharini 6,600 (hizo ndizo kilomita zenu 12,200).

Kwenda, upepo wa mbele wa wastani wa noti 20: kasi ya ardhini 468. Gawanya, unapata saa 14 na dakika 6. Zidisha muda huo kwa 488: ndege imepita kwenye hewa maili 6,882.

Kurudi, upepo huo huo mgongoni: kasi ya ardhini 508. Saa 13 kasoro kama dakika moja. Maili za hewani 6,340 tu.

Ardhini ni njia moja, hewani zimeachana kwa maili 542 na saa 1 na dakika 7. Chizi_Ramani, saa yako hiyo hapo.

Sasa mkia wa kwanza. Programu ya kupanga safari haitafuti njia fupi, inatafuta yenye gharama ndogo, na upepo ni sehemu kubwa ya gharama. Njia A ina maili 6,450 na upepo wa mbele wa noti 45: saa 14 na dakika 34. Njia B ina maili 6,650, mia mbili zaidi, lakini upepo ni noti 20: saa 14 na dakika 13. Ndefu inafika dakika 21 mapema. Kwa ulaji wa tani 5.2 kwa saa, umebakiza tani 1.8 za mafuta kwa KUREFUSHA njia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu ada na mapinduzi, angalia ramani ya upepo ya siku hiyo.

#13 Jogoo la Shamba
Yaani njia ndefu ndiyo fupi. Bodaboda wa hapa kwetu wamekuwa wakituambia hivi miaka yote, tukawaita wezi.

#14 Chizi_Ramani
Dispacha, shukrani. Ila bado: 6,391 hadi 6,600 ni asilimia 3.3. Upepo pekee ndio unazileta zote?

#15 Fundi Baometa
Si pekee. Kwa kawaida njia inayorukwa inazidi duara kuu kwa asilimia 2 hadi 5 kwenye masafa marefu. Kuna vipande vidogo ambavyo watu huvisahau:

Kuondoka. JKIA wakitumia njia ya kurukia ya 06 unaruka ukielekea kaskazini-mashariki, ilhali New York iko kaskazini-magharibi. Unageuka, na mgeuko unahesabiwa. Kutua JFK nako kuna mizunguko ya kupangwa foleni na njia za kukaribia zilizowekwa. Ongeza kilomita za makumi hapo.

Njia za barabara za angani juu ya Sahara hazijanyooka, zinakwenda pointi kwa pointi.

Kuna na urefu wa juu wenyewe: duara la kilomita 11.6 juu ya ardhi ni refu kuliko la ardhini, kwenye safari hii kama kilomita 20 hivi. Lakini skrini nyingi zinapima kivuli cha ndege ardhini, kwa hiyo hilo huenda halimo kabisa.

Na kile cha "kitovu cha mji" hadi uwanja hakina uzito: JKIA na JFK kila kimoja kiko chini ya kilomita 25 kutoka katikati ya mji wake.

#16 Mswahili wa Minnesota
Kabla hamjafika mbali na ile saa moja, mmehakikisha tofauti ya saa za miji? Nairobi haibadilishi saa. New York inabadilisha: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 7, miezi mingine ni 8.

Chukua mfano: kuondoka saa 5:25 usiku, kufika saa 12:25 asubuhi. Uso wa saa unasema 7. Desemba unaongeza 8, unapata 15. Mtu akiongeza 7 kwa mazoea ya Julai anapata 14. Nusu ya mabishano ya "safari ilichukua saa ngapi" ninayoyaona kwenye magrupu ya huku yanaanzia hapo. Dawa ni kubadilisha zote mbili kuwa UTC (saa ya kimataifa) kwanza, halafu ndiyo utoe.

#17 BintiKisauni
Na saa za ratiba si saa za angani. Ratiba inahesabu tangu ndege inaposukumwa nyuma kutoka getini hadi inapoegeshwa. Mashirika yanaongeza na akiba kidogo ili yasihesabiwe kuchelewa. Kwa hiyo 15 na 14 ni namba za ofisini, huwezi kuzitumia kupima upepo.

#18 Dispacha Mstaafu
BintiKisauni, akiba ipo, lakini fuata hoja yako hadi mwisho. Foleni ndefu ya ardhini ni ya kuondoka JFK mchana, si ya kuondoka Nairobi usiku. Foleni hiyo inaangukia safari ya KURUDI, inairefusha. Na bado kurudi ndiko kufupi. Maana yake upepo unaleta zaidi ya saa moja, ardhi inaficha sehemu yake.

Na kuna jingine ambalo halijatajwa. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya kila siku kufuata upepo. Za usiku zinaelekea mashariki, na muda wake kwenye longitudo 30 magharibi ni 01:00 hadi 08:00 UTC, ambazo kwa Nairobi ni saa 10 alfajiri hadi saa 5 asubuhi. Ndege iliyotoka JKIA saa 5 na nusu usiku inafika longitudo hiyo saa 9 na nusu baadaye, yaani kama saa 3 asubuhi ya Nairobi. Msafara mzima wa Marekani kwenda Ulaya unakuja, wewe unakwenda. Huwezi kupewa urefu wa juu unaoutaka katikati ya mkondo huo. Unapita kusini yake, au unakaa chini unachoma zaidi.

#19 Mwl Longitudo
Hapo nakupinga kidogo, Dispacha. Njia zile mara nyingi ziko latitudo ya 45 kwenda juu. Duara kuu letu kwenye longitudo 30 liko karibu na latitudo 40, jirani na kisiwa cha Flores. Siku nyingi hawakutani kabisa.

#20 Dispacha Mstaafu
Siku nyingi, ndiyo. Lakini zinafuata mkondo wa juu, na mkondo ukishuka kusini zinashuka nao. Ndizo siku ambazo skrini ya Chizi inasoma namba kubwa.

#21 Mzee wa Tairi
Nyote mmeanza hesabu ndege ikiwa tayari angani. Shida ya njia hii ni kuinuka.

JKIA iko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa pale, hata kwa kiwango cha kawaida, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Ongeza joto. Usiku wa nyuzi 15 uzito wa hewa unakuwa kama asilimia 82 ya ule wa usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27 unashuka hadi 79. Injini zinapata hewa kidogo, bawa nalo vilevile. Ndiyo sababu mojawapo ya kuondoka usiku, ingawa watu wa biashara watakwambia ni kwa ajili ya abiria wanaounganisha na kufika New York asubuhi. Wote wana haki.

Sasa tairi. Bawa linahitaji kasi ile ile kwenye kipimo cha rubani, lakini kwenye hewa nyepesi kasi ya kweli juu ya lami inapanda. Kwa hewa ya asilimia 82, inapanda kwa asilimia 10. Tairi za ndege kubwa nyingi zina kikomo cha maili 235 kwa saa, za nchi kavu, sawa na noti 204. Njia ya kurukia ya JKIA ina zaidi ya kilomita 4, inatosha, lakini kasi ya tairi haijali urefu wa njia. Ndege nzito juani unaweza kuwa na lami iliyobaki na bado ukazuiwa.

Uzito wenyewe ni huu. Kikomo cha 787-8 kuruka ni tani 227.9. Ndege tupu iliyo tayari kwa kazi ni kama 120. Safari zilipoanza Oktoba 2018 ilitajwa tani 85 za mafuta kila upande. Inabaki kama 23 kwa watu, mizigo na kontena. Viti ni 234. Ukimhesabia kila mtu kilo 100 pamoja na begi lake, tani 23.4. Umeshamaliza, na hujapakia hata kikapu kimoja cha maua.

#22 Mswahili wa Minnesota
Mzee, kilo 100 kwa abiria wa Marekani mwenye mabegi mawili ya kilo 23? Peke yake ni 46 kabla hajapanda yeye. Weka 120, upate tani 28. Haiingii.

Na tani 85 ndiyo inayochomwa au ndiyo inayopakiwa?

#23 Dispacha Mstaafu
Inayopakiwa. Saa 14 kwa tani 5.2 ni kama 73. Inayobaki ni akiba: asilimia fulani ya kukosea, mafuta ya kwenda uwanja mbadala, na dakika 30 za kuzunguka mwishoni, zile ambazo huruhusiwi kupanga kuzigusa. Kwa lita, tani 85 ni kama 106,000. Matangi yanachukua lita 126,206. Kwa hiyo matangi hayajai. Kinachojaa ni uzito.

Na msifikiri unaongeza tu mafuta basi. Kwenye safari ya saa 14, ukipakia tani moja ya ziada, theluthi au zaidi ya tani hiyo inachomwa kwa kazi ya kuibeba yenyewe.

Ndiyo maana kwenda wakati mwingine viti vinaachwa wazi makusudi au mizigo inabaki, na kurudi hamna shida hiyo: JFK iko mita 4 juu ya bahari, hewa nzito, upepo mgongoni.

#24 Nyota ya Ziwa
Kumbe mfano mzuri ni majirani. Addis Ababa hadi Washington Dulles ni kilomita kama 11,560 kwa duara kuu, fupi kuliko Nairobi–New York kwa karibu 270. Lakini Bole, uwanja wa Addis, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Ethiopian kwa miaka walikuwa wanatua Dublin kuweka mafuta wakienda, kurudi wanakuja moja kwa moja. Njia fupi zaidi, na bado ilihitaji kituo. Kwa hiyo swali la "umbali ni ngapi" peke yake halikwambii kama ndege itafika.

#25 Jogoo la Shamba
Na Singapore–New York je? Ile ni kilomita 15,349. Hawana kituo.

#26 Mzee wa Tairi
Changi, uwanja wa Singapore, iko karibu sawa na bahari, na ndege yao ni A350-900ULR, iliyoongezewa uwezo wa mafuta na kupunguzwa viti hadi 161. Wao wamenunua umbali kwa kuuza viti. Ulete hiyo ndege Nairobi tuone.

#27 Kapteni wa Daladala
Samahani kuingilia, mimi nipo Dar. Nikitaka New York, kilomita chache ni kupitia wapi? Watu wa ofisi za tiketi kila mmoja anavutia kwake.

#28 Mwl Longitudo
Kwa fomula ile ile ya #3, Dar moja kwa moja hadi JFK ingekuwa 12,437. Hakuna anayeiruka hivyo. Kupitia Nairobi: 667 + 11,837 = 12,504. Yaani Nairobi iko karibu kabisa kwenye mstari wako, unapoteza kilomita 67 tu. Kupitia Amsterdam: 7,345 + 5,847 = 13,192. Kupitia Doha: 3,819 + 10,770 = 14,589, zaidi ya elfu mbili za ziada.

#29 BintiKisauni
Lakini usinunue kwa kilomita, Kapteni. Kilomita 2,000 ni kama saa mbili na robo za kuruka. Kusubiri uwanjani saa sita kunazifuta zote. Jumlisha saa kwa UTC, kuondoka Dar hadi kutua JFK, halafu ndiyo uangalie bei.

#30 Kapteni wa Daladala
Barikiwa. Na mabegi mawili Nairobi wanayaacha?

#31 Mswahili wa Minnesota
Mzee wa Tairi kakujibu #21. Usiku wa joto, omba Mungu.

#32 Chizi_Ramani
Basi nipeni namna ya kupima. Nyota anasema ada na milango iliyofungwa, Dispacha anasema upepo, Fundi anasema vipande vidogo, Kaka bado ana mstari wake. Nitajuaje nani kala kilomita ngapi?

#33 Fundi Baometa
Chukua tovuti yoyote ya kufuatilia ndege inayohifadhi njia zilizopita. Chagua Januari, mkondo ukiwa na nguvu, na Julai, ukiwa umelegea na kusogea kaskazini. Pima kipande cha Afrika peke yake, Nairobi hadi pwani ya Atlantiki, kisha kipande cha bahari peke yake. Duara kuu la kwanza hadi Safi ni kama kilomita 6,100, la bahari linalobaki kama 5,700. Ziada ikiwa Afrika, mpe Nyota. Ikiwa bahari na Januari imezidi Julai, mpe Dispacha.

#34 Nyota ya Ziwa
Haitoshi. Upepo wa Januari uko pia juu ya Sahara, mkondo wa nusutropiki unapita Algeria na Libya miezi hiyo hiyo. Ziada ya Afrika inaweza kuwa yangu au yake. Linganisha siku mbili zenye upepo sawa, moja kabla ya Aprili 2023 na moja baada yake.

#35 Dispacha Mstaafu
Siku mbili zenye upepo sawa njia nzima ya maili 6,600? Ukizipata nitumie.

#36 Kaka Pembetatu
Na mkiona imepita Bauchi, mnitag.